Mafua Mapya Yakija, Nani Atabisha Hodi Kwako?

Kama uko jikoni endelea na kazi yako, bora sikio liwe huku. Leo nazungumza na mama, nyanya, shangazi, yaya, na hata baba anayebaki na watoto nyumbani.

Mada yetu ni mafua. Lakini sisemi juu ya yale mafua ya kila msimu wa baridi, mtoto anapenga kamasi siku tatu nne kisha anarudi kucheza. Nasema juu ya mafua mapya ambayo huzuka duniani mara chache sana. Miili yetu haijawahi kukutana nayo, kwa hivyo hayakuti kizuizi, yanavuka kutoka nchi moja hadi nyingine kwa muda mfupi.

Huenda ukasema, hayo ni mambo ya ng'ambo. Mwaka 1918 mafua ya namna hiyo yaliingia kwetu kupitia bandari ya Mombasa, yakapanda bara pamoja na reli na watu waliokuwa wakirudi kutoka vitani. Duniani kote inakadiriwa kwamba watu wasiopungua milioni 50 walikufa, na wengi wao hawakuwa wazee. Walikuwa vijana wenye nguvu zao, kina mama na kina baba wenye watoto wadogo. Tena mwaka 2009 ikaja ile tuliyoiita homa ya nguruwe. Shirika la Afya Duniani lilitangaza janga hilo tarehe 11 Juni, na kabla mwezi huo haujaisha mgonjwa wa kwanza Kenya alikuwa amepatikana Kisumu, mwanafunzi mgeni kutoka Uingereza. Hesabu mwenyewe hizo siku. Korona ya mwaka 2020 sina haja ya kukukumbusha, ingawa ile si mafua, ni virusi vya aina nyingine.

Sasa nikuulize, mama. Siku kama hiyo ikifika, hospitali imejaa, matatu hazipakii watu kama kawaida, ni nani atakayebisha hodi kwako kwanza? Katika vijiji na mitaa yetu mingi ni yule mhudumu wa afya ya jamii, jirani yako unayemwona kila siku akipita na mkoba wake. Tangu zamani wamekuwa wakifanya kazi hii kwa kujitolea. Septemba 2023 serikali ilizindua upya mpango wao, wahudumu kama 100,000 nchi nzima, wakapewa mikoba yenye kipimajoto, mashine ya kupima presha, utepe wa kupimia mkono wa mtoto na simu ya kuandikia habari za kila nyumba. Mmoja hutembelea nyumba zipatazo mia moja.

Mkoba ni mzuri, lakini mkoba peke yake haumwandai mtu kwa janga. Maandalizi ni mazoezi, na mazoezi hufanywa wakati hakuna ugonjwa. Mhudumu anatakiwa ajue tangu sasa ni nyumba ipi ina mama mjamzito, ipi ina mtoto mchanga, wapi kuna mzee, au mtu mwenye pumu, kisukari, kifua kikuu, selimundu au virusi vya Ukimwi. Hao ndio mafua makali huwaelemea upesi. Kwa hivyo akija kukuuliza maswali, usimfiche. Najua wengine wetu huficha mimba hadi tumbo lijitangaze lenyewe! Basi mnong'oneze yeye peke yake; kazi yake ni kutunza siri.

Anatakiwa pia azoee kufanya kazi bila kuingia ndani. Wakati wa mafua mapya atasimama nje, chini ya mti au kwenye baraza, amevaa barakoa, mbali nawe kama hatua mbili, wala hatakupa mkono. Sisi kwetu mgeni asiyeingia na asiyekunywa hata chai huonekana amekuja na kinyongo. Usimfikirie hivyo. Akipita nyumba mia moja akiingia kila mlango, yeye mwenyewe atakuwa gari la ugonjwa.

Na kuna jambo atakalolifanya ambalo nataka wewe pia ulijue, kwa sababu usiku wa manane hatakuwepo. Ni kuhesabu pumzi za mtoto. Mtoto awe ametulia, halii, hanyonyi. Funua kifua chake, angalia kinavyopanda na kushuka, hesabu kwa dakika moja nzima kwa saa au simu. Usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili, maana mtoto hapumui kwa mpangilio. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akipumua mara 50 au zaidi, huyo anahitaji kupelekwa kituo cha afya. Wa mwaka mmoja hadi kabla ya kutimiza miaka mitano, mara 40 au zaidi. Na ukiona sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani kila anapovuta pumzi, au hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea haamki vizuri, usingoje kuche. Mtoto wa chini ya miezi miwili mwenye joto jingi, huyo ni wa kupelekwa moja kwa moja, bila kuhesabu. Jaribu leo jioni kwa mtoto mzima asiyeumwa, mkono uzoee.

Neno moja kuhusu malaria. Mwili ukichemka wakati wa janga, kila mtu husema ni mafua. Lakini mbu hawaendi likizo kwa sababu mafua yamekuja. Kama unaishi sehemu za malaria, mtoto apimwe malaria hata akiwa anakohoa. Chanjo za kawaida pia zisikatizwe. Mwaka 2020 kina mama wengi waliogopa kliniki, na surua haikungoja korona iondoke.

Nyumbani, mgonjwa ahudumiwe na mtu mmoja, na mtu huyo asiwe mjamzito kama yuko mwingine. Fungua madirisha. Tundika kibuyu chirizi mlangoni, na sabuni iwepo kweli, si kamba tupu! Anayenyonyesha akiugua aendelee kunyonyesha, avae barakoa na kunawa mikono kwanza. Mtoto mwenye mafua asipewe aspirini. Dawa za kuua bakteria haziui virusi vya mafua, kwa hivyo usinunue vidonge dukani kwa kubahatisha. Mengine aamue mhudumu wa kituo.

Sasa nirudi kwa huyu jirani yetu mwenye mkoba, maana kuna upande wake unaosahaulika. Naye ana watoto. Akiitwa saa nne usiku, nani anabaki na wanawe? Akiugua, nani anashika daftari lake? Mwaka 2020 kuna wahudumu waliokimbiwa na majirani, watoto wao wakakatazwa kucheza na wenzao, kisa mama yao anawatembelea wagonjwa. Mwenye kutendewa hivyo mara moja, mara ya pili atakaa kwake, na sitamlaumu.

Haya si mambo ya kungojea Nairobi. Chama chenu cha akina mama kinaweza kuyapanga kwa kikao kimoja. Nani atampikia na kukaa na watoto wake akiwa kazini. Nani ni msaidizi wake, aanze sasa kutembea naye nyumba kwa nyumba ili watu wamzoee. Bodaboda gani atabeba mama mwenye uchungu usiku, na chifu awe anamjua kwa jina, kwa sababu kafyu ya mwaka 2020 iliwakuta kina mama wengi barabarani bila mpango. Wekeni pia akiba kidogo ya sabuni na barakoa mahali pakavu. Na mkubaliane kwamba habari yoyote ya dawa ya miujiza iliyotumwa kwenye simu, kwanza anaulizwa yeye, kabla haijatumwa kwa mtu mwingine.

Kama humjui mhudumu wa mtaa wako, uliza katika zahanati iliyo karibu nawe, au kwa chifu. Mwandike jina na nambari yake nyuma ya kile kijitabu cha mama na mtoto, kwa kalamu isiyofutika. Wiki ijayo, saa kama hii, tutaongea juu ya kuharisha na jinsi ya kuchanganya maji ya chumvi na sukari. Kwaheri kwa sasa, na uwasalimie watoto.