Watoto barazani, masanduku chumbani



Juma hili nataka tuzungumze habari ya vitu. Sisemi vitu vya dukani, ambavyo bei zake tunazilalamikia kila siku. Nasema vile vilivyomo ndani ya nyumba zetu, ambavyo hatukumbuki viliingia lini wala hatujui vitatoka lini.

Mwezi wa Novemba mwaka jana, mvua zikiwa zimekwisha kuanza, nilifika Mwanga, nyumbani kwa marehemu shangazi yangu. Kwa wasiofika Kigoma, Mwanga ni ile sehemu ya mji unayoipita ukitoka bandarini kwenda Ujiji. Niliingia usiku. Barazani nilimkuta mtoto wa miaka kama saba amelala juu ya mkeka, kajifunika kanga, na manyunyu yanamfikia miguuni.

Mwenyeji wangu alikuwa mjukuu wa marehemu, kijana mwenye mke na watoto wawili. Alinipokea begi, akaniamkia, nami nikamuuliza, "Nyumba hii ina vyumba vingapi?"

"Vinne, mjomba."

"Basi mbona mtoto analala nje?"

Akainamisha kichwa. "Viwili ni vya marehemu, mjomba."

Shangazi alikuwa amefariki miaka mitatu kabla ya usiku huo.

Asubuhi nikaomba vyumba vya marehemu vifunguliwe. Ndugu msikilizaji, mlango wa kwanza ulifunguka nusu tu, maana nyuma yake palisimama baiskeli mbili zisizo na matairi. Ndani mlikuwa na vitanda viwili vya kamba, vile vya teremka tukaze, na juu yake magodoro ambayo panya walikwisha yagawana bila kikao cha ukoo. Mlikuwa na madebe ya mawese matupu, nikahesabu thelathini na mawili nikachoka. Sanduku la mninga lenye misumari ya shaba, la tangu Ujiji ya mababu. Masanduku ya bati manne. Cherehani. Redio tatu, hakuna inayosema. Karabai tatu za marehemu mume wake, aliyekuwa mvuvi wa dagaa, na marundo ya nyavu zake. Magunia ya vyombo. Na juu ya vyote hivyo vumbi, na chini yake mchwa.

Nikauliza, je, hivi vyote ni vya nani? Kila mmoja akanijibu kwamba ni vya marehemu. Sasa hapo ndipo penye neno. Marehemu hana kitu. Siku alipokata roho, kila alichokuwa nacho kilipata mwenyewe mwingine, ila sisi tuliobaki hatukukaa chini tukasema mwenyewe huyo ni nani. Kwa hiyo vyumba viwili vikawa si vya maiti wala si vya wazima, na mtoto akalala barazani.

Tusimlaumu sana shangazi kwa kukusanya. Kizazi chake kiliona miaka ya foleni. Wenye umri wanakumbuka baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, jinsi sabuni, sukari na khanga vilivyokuwa vya kupanga mstari, tena kwa kujuana. Kisha ukaja mwaka 1983, ule wa msako wa wahujumu uchumi, ambapo baadhi ya watu walitupa bidhaa zao usiku porini na majini, kwa hofu ya kukutwa nazo. Mtu aliyepita hapo hatupi debe tupu. Debe ni kipimo, debe ni ndoo, debe likikunjuliwa ni paa. Shangazi alikuwa akitwambia, "Akiba haiozi."

Naam, ni methali ya kweli, lakini kila methali ina mahali pake. Haba na haba ya fedha haiozi. Maarifa hayaozi. Wavu unaoza. Nilizishika zile nyavu nikaivuta moja kwa vidole viwili, ikakatika kama uzi wa buibui. Nyavu hizo siku ya msiba zilikuwa nzima, na pale pale Kibirizi walikuwapo vijana wanaokodi nyavu za watu. Kwa miaka mitatu tuliulinda uzi usiende kwa mtu, mpaka ukaenda kwa panya.

Watu wa Kigoma wana mfano mzuri kuliko huo, nao unatoka ziwani. Meli ya Liemba ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande mpaka Kigoma, ikateremshwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka 1916 Wajerumani, walipoona wanashindwa vita, waliizamisha wenyewe. Lakini kabla ya kuizamisha walizipaka mashine zake grisi nyingi. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena kazi kwa jina la Liemba. Hiyo ndiyo akiba: aliyeificha aliificha akiwa na nia ya kuja kuitumia. Sisi tunazamisha mali ndani ya vyumba vyetu bila hata tone la grisi, kisha tunasema tumeweka akiba.

Basi nikaita ndugu. Walikuja wa Ujiji, wakaja wa Kasulu, na binamu yangu mmoja akatoka Dar es Salaam. Huyu wa Dar alikuwa na haraka. Alitazama mlangoni akasema, "Mnazungumza nini? Chimbeni shimo, chomeni, kesho tupake chokaa." Wengine walimuunga mkono. Nao shangazi zetu wawili wazee wakakataa katakata, wakasema kutoa kitu cha marehemu ni kumfukuza marehemu nyumbani kwake.

Mzee mmoja wa ukoo, mwalimu wa madrasa, aliwasikiliza wote, kisha akaomba daftari na kalamu. Alisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari. Hatuchomi na hatufungi mlango. Tunaandika."

Nawaambieni, wasikilizaji, daftari lile la shilingi chache lilifanya kazi ambayo maneno ya miaka mitatu hayakuifanya. Na si jambo geni. Sheria yetu ya mirathi inamtaka msimamizi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo apeleke mahakamani orodha ya mali na madeni ya marehemu katika muda wa miezi 4, labda mahakama imwongezee. Dini nayo ina utaratibu wake. Kwa Waislamu, kwanza gharama za maziko, pili madeni, tatu wasia usiozidi theluthi, ndipo warithi wagawane. Kote huko hakuna panapoandikwa kwamba vitu vikae mpaka vioze. Sisi tulikuwa na msimamizi wa mdomoni tu, aliyetajwa siku ya arobaini, naye hakuwahi kwenda mahakamani. Aliona haya kuonekana ana pupa ya mali. Haya hiyo ilitugharimu.

Tulitoa kila kitu uani, jua likitoka, na mvua ikija tunafunika kwa turubai. Kila kitu kiliinuliwa, kikatajwa, kikaandikwa. Cherehani alipewa mjukuu wa kike anayejua kushona, kwa makubaliano kwamba thamani yake ihesabiwe katika fungu la mama yake. Karabai mbili zilikuwa zimekufa kabisa, ya tatu fundi aliitia utambi ikawaka, ingawa wavuvi wengi siku hizi wanatumia taa za betri na za nguvu za jua. Baiskeli na madebe mabovu walichukua wanunuzi wa vyuma chakavu, na fedha ikaandikwa. Mikeka mizima ilikwenda madrasa. Kurasa za misahafu zilizochakaa hazikuchanganywa na taka. Mwalimu alizichukua akazizika kwa heshima yake. Magodoro ndiyo yaliyochomwa, na hata wale shangazi wawili waliona ni haki.

Siku ya pili jioni, binti mmoja alikuwa akimwaga kopo la maziwa ya unga lililojaa misumari na vifungo. Chini kabisa palikuwa na mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa ofa ya kiwanja cha nyumba ile ile tuliyokuwa tumesimama uani kwake. Miaka mitatu tulikuwa tukijiuliza iko wapi, na jirani mmoja alikwisha anza kusogeza ua wake. Nilimtazama binamu yangu wa Dar, yule wa shimo na kiberiti. Hakusema kitu. Alichukua kopo la pili akaanza kulichambua, moja moja.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji anayepanga kusafisha nyumba ya wazazi wake mwishoni mwa juma, nakuomba usichome usichokisoma. Wazee wetu hawakuwa na makabati ya chuma. Makabati yao ni makopo, mito, chaga za vitanda na mifuko ya makoti.

Sasa nije kwenye kitu cha mwisho, ambacho kilitushinda.

Chini ya kitanda cha shangazi palikuwa na sanduku dogo la ngozi ya bandia, limefungwa kwa kamba ya katani, safi, halina vumbi. Mjukuu wake akasema, "Hilo bibi alikuwa akilifuta kila Ijumaa. Alisema si letu."

Mwaka 1996, mwezi wa Oktoba, vita vilipofika Uvira, ng'ambo ya ziwa, wakati nchi ile ingali ikiitwa Zaire, watu wengi walivuka kuja Kigoma kwa mitumbwi na maboti. Mwaka huo huo ikafunguliwa kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu. Mama mmoja na watoto wake walilala kwa shangazi usiku chache kabla ya kupelekwa kambini. Akaacha sanduku, akasema atalifuata. Hakurudi. Mara tulisikia amerejea kwao, mara tukasikia yumo katika waliopelekwa Marekani kuanza maisha mapya. Na Mwanga si nyumba ile tu. Mji ule umepokea Warundi wa 1972, wa 1993, umepokea Wakongo. Ukipiga hodi nyumba kumi, hukosi mbili zenye mzigo wa mgeni darini.

Wengine wakasema lifunguliwe. Zaidi ya miaka ishirini imepita. Mwalimu akasema amana haiingii katika mirathi, maana haikuwa ya marehemu. Akatukumbusha jambo lililotukia pale pale Ujiji, mwendo mfupi kutoka tulipokaa. Mwaka 1871, David Livingstone alirudi Ujiji kutoka Manyema, mgonjwa na hana kitu, akitumaini shehena aliyoletewa kutoka pwani. Akakuta yule aliyekabidhiwa ameiuza yote, kwa kuwa ameamua kwamba mwenyewe amekwisha kufa. Mwenyewe alikuwa hai. Wageni wanaokwenda Ujiji kutazama mnara husimuliwa salamu za Stanley. Habari ya shehena ni nadra kusimuliwa.

Hatukulifungua. Tuliandika katika daftari, ukurasa wa peke yake: sanduku moja, rangi ya kahawia, kamba ya katani, la mgeni kutoka Uvira, 1996, jina lake kama shangazi alivyolitaja. Tukaandika na nani analitunza sasa, na nani atalitunza baada yake. Kisha tukatuma salamu kwa watu wa maboti pale Kibirizi wawaulize wa ng'ambo. Mpaka leo ninapozungumza nanyi jibu halijaja.

Funzo nililolipata mimi ni hili. Nyumba zetu hazijazwi na upendo wa marehemu, kama tunavyopenda kusema. Zinajazwa na maneno tusiyoyasema: hiki ni chako, hiki ni changu, hiki ni deni, hiki ni cha watu. Yakisemwa, vitu vinaondoka vyenyewe, kila kimoja na njia yake. Yasiposemwa, vyetu vinaoza pamoja na vya wenzetu, na hatujui tulie kwa kipi. Nanyi wazee wangu mlio hai, toeni kwa mikono yenu. Mwiteni mjukuu leo, mwambieni, "Cherehani hii ni yako," mkamwone anashona. Na ile karatasi ya kiwanja, tafadhalini, itoeni kwenye kopo.

Niliondoka Mwanga siku ya tisa. Usiku wa mwisho mvua ilinyesha sana. Nilitoka na kurunzi kutazama barazani, nikakuta pamebaki mkeka umekunjwa. Mtoto alikuwa chumbani, kitandani, na chini ya kitanda chake lile sanduku. Asubuhi mama yake alinionesha kitambaa kilichotundikwa msumarini nyuma ya mlango. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, na mtoto alikwisha lifuta.