Nati Yenye Kutu na Chupa ya Soda

Leo, mama, tutoke jikoni kidogo twende nyuma ya nyumba, pale baba watoto au kijana wako amelala chini ya pikapu kuukuu akipambana na nati iliyoshika kutu. Utauliza, nati inamhusu vipi muuguzi? Inanihusu kwa sababu ya kile kinachoachwa kando yake.

Nati ya namna hiyo haitaki nguvu. Ukiilazimisha kwa spana, bolti hukatika. Fundi mwenye subira huisugua kwa brashi ya waya, akaimwagia mafuta yapenye ndani, akaigonga polepole kwa nyundo, kisha akaiacha mpaka kesho. Wengine hutumia mafuta maalumu ya dukani, wengine dizeli, wengine mafuta ya taa. Kila fundi ana dawa yake na huapa kwamba hakuna nyingine. Sina ugomvi nao. Ila mafuta yaliyobaki hulala papo hapo chini ya gari, ndani ya chupa ya soda au kikombe, na mtoto wako wa miaka miwili huamka kabla ya fundi.

Mtoto akiona chupa ya soda anajua ni soda. Akimeza mafuta ya taa, hatari kubwa haiko tumboni bali mapafuni. Mafuta haya ni mepesi sana. Mtoto akipaliwa, au akitapika, huteleza yakaingia kwenye mapafu na kuyaumiza vibaya.

Kwa hivyo usimtapishe! Usimtie kidole kooni, usimpe maji ya chumvi, mafuta ya kupikia wala maziwa. Najua nyanya atasema maziwa huua sumu. Mweleze kwa heshima kwamba hapa maziwa yanaweza kuleta matapishi tu. Mvue mtoto nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa sabuni na maji, kisha mpeleke hospitalini mara moja, na uibebe chupa ile daktari aione. Nenda hata kama anacheza, kwa sababu kikohozi na shida ya kupumua huweza kuja baada ya saa kadhaa. Mtoto wa mwaka 1 hadi 5 aliyetulia, akivuta pumzi mara 40 au zaidi kwa dakika, anapumua haraka kupita kiasi. Mbavu zikibonyea ndani, au akisinzia ovyo, hali ni mbaya. Lakini usikae nyumbani ukihesabu. Hesabu mkiwa njiani.

Zungumza na fundi wako leo. Amimine mafuta ya kutosha kazi tu, yaliyobaki yarudi katika mkebe wake wenye kifuniko, na mkebe ufungiwe mahali pa juu. Chupa ya soda isitumike kabisa, hata kwa usiku mmoja.

Nati ikikataa kabisa, ataleta tindo na nyundo aipasue. Hapo watoto wote waondoke, na yeye avae miwani ya kazi, kwani vipande vya chuma huruka. Kikiingia jichoni, asisugue wala asijaribu kukichokoa. Funika jicho kwa kitu kisicholigandamiza, kama kikombe safi cha karatasi, mwende hospitalini siku hiyo hiyo. Chuma hushika kutu hata ndani ya jicho.

Na mtoto akikatwa na chuma kile? Pepopunda hailetwi na kutu yenyewe. Viini vyake hukaa udongoni na katika mavi ya wanyama, na chini ya gari kuukuu udongo haukosekani. Osha kidonda kwa maji mengi na sabuni, kisha mpeleke kituo cha afya pamoja na kadi yake ya kliniki. Chanjo ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14 ina kinga ya pepopunda ndani yake. Kadi ikiwa na pengo, mwambie muuguzi, asikuone umenyamaza kwa kuogopa kukaripiwa.

Hadi juma lijalo, kwaheri.