Mwalimu Ajiandae Kabla ya Kukutana na Mzazi



Mkutano wa wazazi hutengenezwa kabla ya siku yake.

Kwanza, tuchague wakati. Huku Masasi na Newala, ifikapo Oktoba watu wako kwenye korosho. Mzazi akiacha shamba, anaacha fedha ya mwaka mzima. Tumwite kabla ya msimu.

Pili, tujue anayekuja. Kwa mila ya Wamakonde, Wamakua na Wayao, mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ana sauti. Mjomba akija, apewe kiti.

Tatu, mwalimu awe na daftari la mahudhurio na alama za kila mtoto. Aanze na jema, ndipo ataje kasoro, tena faraghani. Mzazi aliyeaibishwa mbele ya watu harudi, na mtoto wake huanza kutoroka.

Mwisho, ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali iliondolewa mwaka 2016. Basi mzazi asiitwe kwa habari ya michango tu. Aitwe kwa ajili ya mtoto.