Maziwa ya Sanlu na Kimya cha Wakubwa

Msikilizaji, Agosti 2, 2008, kampuni ya maziwa ya Sanlu iliwaarifu viongozi wa mji wa Shijiazhuang, kaskazini mwa China, kwamba maziwa yake ya unga ya watoto yana melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki. Ilitiwa humo ili maziwa yaliyozimuliwa kwa maji yaonekane yana protini ya kutosha. Viongozi hao wakaikalia habari hiyo kwa zaidi ya mwezi. Michezo ya Olimpiki ya Beijing ilibakiza siku sita tu, na nani angethubutu kutia doa sherehe ile?

Wazazi wakaendelea kuwakorogea watoto maziwa yaleyale. Siri ilifichuka Septemba, baada ya serikali ya New Zealand, nchi ya mbia wa Sanlu, kuiarifu Beijing. Watoto wapatao laki tatu waliugua, sita walifariki. Hata Tanzania ilizuia maziwa kutoka China.

Sasa angalia nani alilipa. Watu wawili waliotengeneza na kuuza sumu hiyo waliuawa kwa amri ya mahakama. Mkuu wa Sanlu alihukumiwa kifungo cha maisha. Baba mmoja aliyewakusanya wazazi wenzake kudai haki alihukumiwa miaka miwili na nusu jela, eti amevuruga utulivu. Na mkuu wa mamlaka ya taifa ya ubora wa bidhaa, Li Changjiang? Alijiuzulu, na mwaka uliofuata akapewa wadhifa mwingine serikalini.