Upele: Tutibiwe Nyumba Nzima



Upele si uchawi, wala si aibu ya mchafu. Ni kidudu kinachochimba ngozini, nacho hupita mwili hadi mwili tunapolala tumebanana. Anayeupata mara ya kwanza huweza kukaa wiki 4 hadi 6 bila kuwashwa, huku anaambukiza wengine. Kwa hiyo kumpaka dawa mtoto mmoja ni kazi bure. Tujipake wote siku moja, tufue nguo na mablanketi siku hiyo hiyo. Mwasho huweza kubaki wiki 2 au zaidi hata vidudu vikifa. Tusizidishe dawa ovyo, turudi zahanati.

Ndugu wa mashirika, tunaomba dawa igawiwe kwa kaya nzima.