KUINGIA VYUMBA VILIVYOFUNGIKA MELINI: KANUNI ZILIVYO SASA NA MATAYARISHO YA MITIHANI

(Nakala ya mazungumzo kwa mabaharia wa meli za biashara wanaojitayarisha kwa mitihani ya vyeti)



Mkataba wa kimataifa wa mafunzo, vyeti na ushikaji zamu kwa mabaharia, ambao wenyewe huuita STCW, ulipitishwa mwaka 1978 na kufanyiwa marekebisho makubwa mwaka 1995 na tena Manila mwaka 2010. Marekebisho ya Manila ndiyo yaliyomtaka baharia athibitishe kila baada ya miaka 5 kwamba bado anaumudu ujuzi wa kujiokoa na wa kuzima moto. Aidha, yalithibitisha haki yake ya kupumzika si chini ya saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 katika siku 7. Kuanzia tarehe 1 Januari, 2026, mafunzo ya msingi yameongezewa somo la kuzuia uonevu na udhalilishaji melini, ukiwemo udhalilishaji wa kijinsia. Mambo hayo mwenye kusoma atayapata. Linalostahili kuelezwa kwa urefu ni lile linaloonekana dogo na huku likiendelea kuua mabaharia katika meli zilizofunga gati salama, bahari shwari: kuingia katika chumba kilichofungika.

Chumba kilichofungika ni mahali popote penye mlango mwembamba, au pasipo hewa ya kutosha, au pasipokusudiwa mtu kukaa humo. Tangi la maji ya kusawazisha meli ni mfano mmoja; chumba cha mnyororo wa nanga ni mfano mwingine, na ngama ya shehena iliyofunikwa siku nyingi vilevile. Hewa ya kawaida ina oksijeni kiasi cha asilimia 21. Chuma kinapopata kutu, kutu hiyo hula oksijeni. Chumba cha mnyororo kinaweza kuwa kikavu, kitupu, kisicho na harufu yoyote, na kikamuua mtu. Mbata, ambayo watu wa visiwa hivi wanaijua tangu utotoni, nayo hula oksijeni inapofungiwa ndani ya ngama. Magogo na vyuma chakavu hufanya vivyo hivyo. Oksijeni ikipungua sana, mtu hasikii kubanwa na kifua wala kukohoa. Miguu humlegea na akili humpotea kabla hajatambua kuwa yumo hatarini.

Msiba mkubwa zaidi huja baada ya hapo. Mwenzake aliye juu humwona amelala chini ya ngazi, naye hushuka mbio. Wa tatu humfuata wa pili. Wakaazi wa mijini wamekwisha kusikia habari za namna hiyo kuhusu makaro na visima, ambapo ndugu humfuata ndugu.

Kwa mintarafu hiyo, Mkataba wa Usalama wa Maisha Baharini, yaani SOLAS, unaagiza tangu tarehe 1 Januari, 2015 kwamba mabaharia wenye kazi ya kuingia vyumba hivyo au ya kuokoa watu humo wafanye mazoezi angalau mara moja kila miezi 2. Tangu tarehe 1 Julai, 2016 meli zinazohusika zinatakiwa pia kuwa na kipimo cha hewa cha kuchukulika mkononi. Mwezi Juni, 2025 Kamati ya Usalama wa Bahari ya IMO ilipitisha mapendekezo mapya juu ya jambo hili, kuchukua nafasi ya yale ya mwaka 2011. Mtahiniwa mwenye kijitabu cha zamani na akibadilishe.

Katika mtihani wa mdomo, swali linalofaa kutarajiwa ni hili: "Umemwona mwenzako ameanguka ndani ya tangi. Utafanya nini?" Moyo wa mtu mwema hujibu upesi, "Nitashuka nimtoe." Jibu hilo ni kosa, na ni kosa linaloua. Linalotakiwa ni kupiga king'ora, kutoondoka mlangoni, na kungoja kikosi cha uokozi chenye mitungi ya hewa, kamba na mpango uliokwisha kufanyiwa mazoezi. Hakuna uoga katika kungoja huko. Anayepiga king'ora ndiye anayempa mwenzake nafasi ya kuishi.

Mtahiniwa aweze pia kueleza kibali cha maandishi: nani hukitia saini, kinadumu muda gani, na kwa nini hufutika hali ikibadilika. Hewa hupimwa juu, katikati na chini, kwa kuwa gesi nyingine ni nzito na nyingine nyepesi. Mashine ya kupuliza hewa husimamishwa kabla ya kupima, ama sivyo kipimo kitasoma hewa iliyopulizwa badala ya ile ya chumbani.

Baadhi ya vifaa hufanana kwa macho na hutofautiana kwa kazi. Barakoa ya kuchuja haileti oksijeni hata chembe. Mfuko mdogo wa hewa wa dharura umewekwa kwa ajili ya kukimbia hatari, wala haukubaliki kuingia nao. Chombo cha mwokozi ni mtungi kamili wa hewa pamoja na barakoa yake. Tofauti hii haikaririki vizuri kwa kitabu peke yake, na aliye melini sasa amwombe ofisa wake ruhusa ya kuvivaa na kuvishika siku ya mazoezi, kabla ya tarehe ya mtihani.