Splita ya Mbele: Kutoka Matuta ya Umm Salal hadi Kona za Lusail

Mtu atokaye Doha kwa barabara kuu ya kaskazini huipita Umm Salal, mahali panapojulikana kwa ngome yake ya kale na kwa minara ya Barzan, iliyojengwa mwishoni mwa karne ya 19. Akielekea kaskazini mashariki, haendi mbali kabla ya kufika kwenye uwanja wa mbio wa Lusail, uliofunguliwa mwaka 2004. Safari ni fupi, lakini kwa mwenye gari la michezo lililoandaliwa kwa ajili ya uwanjani ina mashaka yake. Gari lile lile lipandalo matuta ya mtaani ndilo litakalotakiwa kushika njia katika kona za mbio, na kitu cha kwanza kuumia ni splita ya mbele.

Splita ni bamba bapa lililofungwa chini ya bampa ya mbele, likatokeza nje kidogo kama mdomo wa bata. Wengi hulinunua kwa sura. Kazi yake hasa ni kuugawa upepo. Hewa igongayo uso wa gari hurundikana juu ya bamba na kuligandamiza. Ile ipenyayo chini yake hupita kwa kasi, na shinikizo lake hupungua. Tofauti ya hizo mbili huzishindilia tairi za mbele barabarani. Nguvu hiyo hukua upesi kuliko mwendo wenyewe: gari likitoka kilomita 100 kwa saa hadi 200, nguvu haiwi mara mbili, bali mara nne. Kwa hiyo splita haimsaidii kitu dereva aendaye sokoni, ilhali mwishoni mwa mstari ulionyooka wa Lusail, wenye urefu wa zaidi ya kilomita moja, inaweza kuwa ndiyo inayomwezesha kugeuza usukani na gari likatii.

Hapo ndipo penye hatari ambayo wauzaji hawaitaji sana. Splita kubwa ikifungwa peke yake, pua ya gari hushikilia barabara na mkia hubaki mwepesi. Katika kona za polepole dereva hafahamu lolote, na pengine husifu ununuzi wake. Katika kona za kasi, ambazo Lusail inazo nyingi na zenye kufuatana, mkia humchomoka bila ya onyo. Nahodha wa jahazi angelielewa jambo hili mara moja: shehena ikizidi omo, tezi huyumba na chombo kikawa kigumu kushika njia. Basi anayechagua splita yampasa aanze kwa kutazama nyuma ya gari. Kama hakuna bawa la nyuma la kuilingana, splita fupi yenye kutokeza sentimita chache tu ni salama kuliko ile pana ya magari ya mashindano.

Jambo la pili ni kimo kutoka ardhini. Kadiri bamba linavyokaribia lami ndivyo linavyofanya kazi vizuri, lakini kuna mpaka. Dereva akikanyaga breki kwa nguvu, pua huinama. Bamba likikaribia mno au kugusa lami, njia ya hewa huzibwa na ile nguvu hupotea ghafla, papo hapo anapoihitaji. Mwenye springi laini za gari la kawaida asiige kimo cha gari la mashindano, ambalo springi zake ni ngumu na haliinami kiasi hicho.

Tena zipo kingo za uwanja. Mwaka 2021, katika mashindano ya kwanza ya Formula 1 kufanyika Qatar, Pierre Gasly alipanda ukingo wakati wa kugombea nafasi za kuanzia, bawa lake la mbele likavunjika na tairi ikapasuka. Mwaka 2023 kingo zilizua wasiwasi mkubwa zaidi: baada ya kampuni ya Pirelli kugundua kasoro katika ubavu wa tairi zilizotumika, madereva walikatazwa kuzidisha mizunguko 18 kwa seti moja ya tairi. Ikiwa magari yenye mafundi na akiba ya kila kifaa yaliumia hivyo, bamba lililonunuliwa kwa akiba ya mshahara halitasalimika kwa dua. Wakenya walioshuhudia Safari Rally ikirejea katika mbio za ubingwa wa dunia mwaka 2021 kule Naivasha watacheka. Huko gari huinuliwa juu ili liyaruke mawe, na splita kama hii isingemaliza hata asubuhi moja.

Kwa sababu hiyo, swali la malighafi ni swali la nani atalipia kuvunjika. Nyuzi za kaboni ni nyepesi na ngumu, zinapendeza macho, na bei yake hupanda. Zikipasuka, mara nyingi hununuliwa bamba jipya. Plastiki laini hustahimili kugongwa, lakini kwenye joto la Ghuba lipitalo nyuzi 40 kivulini, bamba jembamba lisilo na vishikizo vya kutosha huweza kupinda. Plaiwudi nzuri iliyopakwa rangi pande zote hudharauliwa bure: ni ngumu, ni rahisi, na seremala yeyote aweza kuikata upya.

Vyovyote atakavyochagua, bamba lifungwe kwenye fremu ya gari. Bampa yenyewe ni ganda tu. Ikibeba nguvu ya upepo wa kasi itang'oka, na bamba litakwenda chini ya tairi za mbele. Mafundi wana kipimo chao cha zamani: mtu mzima husimama juu ya ncha ya splita, na isipopinda, yafaa.

Baki ni yale matuta ya mtaani. Wapo wenye magari wanaoagiza splita ya bolti chache, huifungua nyumbani, huilaza ndani ya gari ikiwa imefungwa blanketi, kisha huifunga upya wafikapo uwanjani, kabla jua halijawa kali.